Mwanzilishi wa Mali alikuwa mkimbizi



Mada ya mara hii imetoka kwa wadogo zetu. Wanauliza: mtu anapenda nini kwao? Wanauliza hivyo sababu wengi wamezaliwa hapa Uganda. Kivu wanaisikia tu kwa masimulizi, Burundi vilevile. Wanaona mama anasikia wimbo fulani kwenye simu, anaacha vyombo, anatoka nje kidogo. Hawaelewi ni nini. Na sisi wakubwa tukitaka kuwajibu tunaanza vizuri: milima, ziwa, ng'ombe, maparachichi yanayoanguka yenyewe. Halafu tunanyamaza, maana vyote hivyo tumeviacha kule. Kama kile unachokipenda kimebaki kule, mtoto wa hapa utampa nini?

Hatukutaka kujibu kwa kujiangalia wenyewe tu. Tulitafuta watu wengine wa Afrika waliolibeba swali hili kwa muda mrefu, na tukafika Mali, Afrika Magharibi. Wale kati yetu waliosoma Kifaransa shuleni walitusaidia kusoma. Tulichokikuta ni hiki: vitu ambavyo Wamali wanavipenda sana kwao, vingi ni vya kubebwa mdomoni na mikononi, na vyote vinaharibika vikiachwa bila kazi. Na mwanzo wa yote ni kijana aliyefukuzwa kwao.

MAJANI YA MBUYU

Kijana huyo ni Sundiata Keita. Nchi ya wazee wake inaitwa Manden, na leo iko sehemu Mali, sehemu Guinea. Tuseme ukweli tangu mwanzo: habari zake zimebebwa kwa mdomo karibu miaka 800. Kuna mambo wanahistoria wanayakubali, kwamba Sundiata aliishi kweli, alishinda vita, na alianzisha dola kubwa katika karne ya 13. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Afrika Kaskazini wa karne ya 14, anamtaja kwa jina la Mari Jata. Na kuna mambo ya masimulizi, kama mti mkubwa kung'olewa kwa mikono mitupu. Sisi tutawapa yote mawili, msichanganye tu.

Masimulizi yanayosomwa zaidi ni yale aliyoyaandika Djibril Tamsir Niane, mwanahistoria wa Guinea, mwaka 1960. Aliyapata kwa jeli mmoja anayeitwa Mamadou Kouyaté. Jeli ni mtu wa ukoo ambao kazi yake ya kurithi ni kutunza historia za watu na kuzisema. Kwa Kifaransa wanawaita griot. Na huyo Niane mwenyewe baadaye alilazimika kutoka Guinea akaenda kuishi Senegal. Kumbe hata mwandishi aliyajua mambo ya kuhama.

Masimulizi yanasema hivi. Mfalme wa Manden alikuwa na wake wengi. Mmoja, Sogolon, alikuwa na kibyongo na watu walimcheka. Mtoto wake Sundiata alifika miaka saba hajatembea, anatambaa tu. Siku moja Sogolon alikosa majani ya mbuyu ya kutia kwenye mchuzi. Akaenda kuomba kwa mke mkubwa, Sassouma. Sassouma akampa, lakini na maneno: mwanangu mimi alipofika miaka saba alikuwa anatembea, na ndiye aliyenichumia, wako yuko wapi?

Sogolon alirudi analia. Mtoto akamwuliza, kisha akasema leo nitatembea, nileteeni fimbo ya chuma. Alijiinua nayo mpaka chuma kikapinda kama upinde. Akaenda akaung'oa mbuyu mzima, akausimika mbele ya nyumba ya mama yake. Tangu siku hiyo wamama wengine ndio waliokuja kuomba majani kwake.

Yashikeni hayo majani ya mbuyu. Yatarudi.

WENYEJI WA KILA AINA

Baba alipokufa, kiti kilichukuliwa na mtoto wa Sassouma, na maisha ya Sundiata yakawa hatarini. Sogolon akachukua watoto wakaondoka. Walizunguka miaka mingi. Ukisoma sehemu hii utadhani imeandikwa na mtu wa kambini. Mwenyeji mmoja alihongwa dhahabu ili amuue kijana. Mwingine aliwahurumia lakini aliogopa kuwapokea, asije akagombana na wakubwa wa Manden. Mwisho mfalme wa Mema, mbali upande wa kaskazini, akawapokea vizuri. Sundiata akakulia hapo, akapigana vita vya mfalme huyo, akapewa cheo kikubwa. Alikuwa na kila sababu ya kubaki.

Wakati huo Manden ilivamiwa na Soumaoro Kanté, mfalme wa Sosso. Yule kaka aliyechukua kiti akakimbia. Wazee wakakumbuka kwamba kuna mtoto wa Sogolon yuko hai mahali fulani, ila hakuna anayejua ni wapi. Utamtafutaje mtu bila simu, bila barua, katika nchi zote hizo?

Walichofanya ni ajabu. Walituma watu wachache, wanaume na wanawake, wapite nchi za watu kama wafanyabiashara, na kila soko wanalofika watandaze mboga za Manden ambazo wageni hawazijui. Katika soko la Mema watu walikuwa wanazishangaa tu. Akapita dada yake Sundiata, Kolonkan. Akasimama. Aliyaona majani ya mbuyu na mboga nyingine ambazo mama yake alizipanda kwenye bustani yao. Akauliza mmetoka wapi, akawapeleka nyumbani. Hivyo ndivyo mfalme alivyopatikana.

Sisi hatuhitaji mwalimu wa kutueleza jambo hilo. Mama wa kwetu akitandaza sombe iliyotwangwa vizuri na kachupa ka mawese pembeni, hamalizi nusu saa kabla mtu hajainama kumwuliza: "Mama, weye ni wa wapi?" Na jibu likitoka, wanaanza kuhesabu vijiji na majina. Wangapi wamepata habari za ndugu zao kwa njia hiyo?

Kuna jambo moja zaidi huko Mema, na hili ni chungu. Siku zilezile Sogolon akafa. Sundiata akaomba mahali pa kumzika. Yule mfalme aliyempenda alikuwa amekasirika kwa sababu kijana anataka kuondoka, akasema ardhi inunuliwe. Sundiata akampelekea kikapu. Ndani yake kulikuwa na vipande vya vyungu, manyoya ya kanga na majani makavu. Mzee mmoja mwenye akili akamfafanulia mfalme: anakuambia kwamba ukimnyima kaburi atauvunja mji huu, utabaki vigae na nyasi na ndege wa porini. Mfalme akatoa ardhi.

Mnaona hapo jambo gumu la ukimbizi. Mtu anaweza kukupenda, kukulisha, kukupa kazi, na bado siku ya kumzika mama yako ukakumbushwa kwamba ardhi ni ya mwenyewe. Masimulizi ya Wamali hayakulificha hilo. Wanalisema mbele ya watoto.

WATOTO WA MAMA, WATOTO WA BABA

Wamande wana maneno mawili ambayo tungependa kuyaiba. Badenya ni uhusiano wa watoto wa mama mmoja. Hawa wanashikamana, wanasaidiana, wanarudi nyumbani. Fadenya ni uhusiano wa watoto wa baba mmoja wenye mama mbalimbali. Hawa wanashindana, kila mmoja anatafuta jina lake. Sundiata na yule mtoto wa Sassouma ni fadenya kabisa.

Tulidhani watasema badenya ni nzuri na fadenya ni mbaya. Hapana. Wanasema watu wanahitaji zote mbili. Bila fadenya hakuna anayethubutu kutoka nje na kufanya jambo kubwa. Bila badenya hakuna wa kumrudisha, na jambo kubwa linageuka moto. Sundiata alitoka kwa nguvu ya ugomvi, akarudi kwa nguvu ya mama na dada. Kwetu tuna ugomvi mwingi sana wa watoto wa baba mmoja, na hatuna hata jina la kuuita ili tuujadili.

Vita vya mwisho vilipiganwa Kirina, yapata mwaka 1235. Soumaoro akashindwa. Halafu, kwa masimulizi yao, washindi na washirika wao walikutana uwanja wa Kouroukan Fouga, karibu na Kangaba, wakapanga sheria za kuishi pamoja. Sheria hizo zilibebwa na majeli. Mwaka 1998 majeli na wataalamu walikutana Kankan, Guinea, na kutokana na masimulizi yao ukakusanywa mwandiko wenye vifungu 44. Wanahistoria bado wanabishana ni maneno gani ya kale kweli na yapi yameongezwa na vizazi vya baadaye. Hata hivyo mwaka 2009 UNESCO iliiweka Hati ya Manden kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Tunavitaja vifungu viwili tu. Kifungu cha 24 kinakataza kuwatendea wageni mabaya. Ukishasoma habari za Mema hukishangai kifungu hicho. Kifungu cha 7 kinaweka sanankuya kati ya koo. Na sanankuya, ndugu zetu, Waswahili wana neno lake kabisa: ni utani.

UTANI WENYE KAZI

Tanzania wanaujua utani wa makabila. Mtani anakuja msibani, analala mahali pa marehemu, anawachekesha wafiwa, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Rwanda nako koo fulani ni abase wa koo nyingine, wanataniana na wana kazi zao kwenye mambo ya nyumba na ardhi. Basi Mali wameupeleka mbali zaidi, mpaka umekuwa kama hewa ya nchi.

Ukikutana na mtu Bamako, jambo la kwanza baada ya salamu ni jina la ukoo, wanaliita jamu. Ukisema Traoré, na mwenzako ni Diarra, basi hapohapo mnaanza: wewe ni mtumwa wangu, wewe mwizi, wewe mlafi. Keita na Coulibaly hivyohivyo. Tusi kubwa la kuchekesha ni kumwambia mtu kwamba anakula maharage. Sisi tunaokula maharage ya rasheni mwaka mzima tulicheka sana tuliposoma hapo, maana kwa hesabu hiyo kambi yote ni Coulibaly. Wadogon, watu wa milima ya Bandiagara, na Wabozo, wavuvi wa mto Niger, ni watani wa zamani. Wafulani wana watani wao wahunzi.

Mtu wa nje anaweza kuona ni mchezo. Ni mchezo wenye kazi. Watani hawaruhusiwi kudhuriana. Ndoa ikigombana, ardhi ikigombana, anatumwa mtani, kwa sababu yeye anaweza kusema ukweli ambao mwingine akiusema anapigwa. Na mgeni akifika mji asioujua, jina lake tu linamtafutia jamaa. Mtu wa kwanza kumtukana ndiye atakayempa chakula. Ukarimu huo wa mwenyeji kwa mgeni wanauita jatigiya, na Wamali wengi ukiwauliza wanapenda nini kwao wataanza na hilo kabla ya dhahabu ya Mansa Musa.

Tuliipenda sanankuya kwa sababu moja inayotuuma. Kwetu, maneno "ninyi si wa hapa", "ninyi ni watumwa", "ninyi mmekuja juzi", yametangulia mbele ya panga. Wengi wetu tulikimbia muda si mrefu baada ya kuyasikia maneno hayo redioni au barabarani. Wamali waliyachukua maneno yaleyale mabaya wakayafunga kamba. Wameyapa mtu wa kuyasema, na wakasema: ukishayasema, una deni la kumsaidia uliyemwambia.

HAIKUTOSHA

Sasa msitutafute mkisema tumewadanganya. Mali leo haina amani.

Tuanze na lililo ndani ya utamaduni wenyewe. Jamii ya Manden ilikuwa na watu huru, watu wa kazi za kurithi kama majeli na wahunzi, na watumwa. Mtani kukuita mtumwa ni kicheko. Lakini mkoani Kayes, magharibi mwa Mali, bado kuna watu wanaonyanyaswa na hata kufukuzwa vijijini kwa sababu wamekataa kuitwa watumwa kwa damu. Kupenda kwenu si kulifunika jambo kama hilo. Kuna Wamali wanaopigana nalo, na hao nao wanaipenda Mali.

Halafu vita. Mwaka 2012 yalianza maasi kaskazini, serikali ikapinduliwa Bamako, na miji ya kaskazini ikashikwa na makundi yenye silaha. Timbuktu muziki ulipigwa marufuku. Makaburi ya watakatifu ya mji huo yalibomolewa kwa majembe na sururu. Baadaye vita vilishuka katikati ya nchi. Tarehe 23 Machi 2019, katika kijiji cha Wafulani cha Ogossagou, watu zaidi ya 150 waliuawa. Miezi mitatu haijapita, kijiji cha Wadogon cha Sobane Da nacho kikashambuliwa. Utani wa miaka mingi haukuzuia bunduki.

Tulibishana sana kikundini juu ya hili. Mmoja alisema: basi utamaduni ni maneno matamu tu, njaa na silaha ndivyo vinavyoamua. Tulimsikiliza, maana amepoteza watu. Lakini tulipoendelea kusoma tuliona jambo jingine. Angalieni Wamali wenyewe walifanya nini moto ulipowaka.

WALIVYOBEBA

Timbuktu ni mji wa vitabu. Familia zake zimetunza miandiko ya mkono kwa karne nyingi, ya dini, sheria, nyota, dawa, biashara. Mwaka 2012, mji ukiwa mikononi mwa wenye silaha, watunza maktaba wakiongozwa na Abdel Kader Haidara walianza kuitorosha miandiko hiyo. Waliipanga kwenye masanduku ya bati, wakaificha nyumbani mwa watu, wakaisafirisha kidogokidogo kwa magari na kwa mitumbwi mpaka Bamako. Ni miandiko inayohesabiwa kwa mamia ya maelfu. Mwezi wa Januari 2013 wapiganaji walipokuwa wanakimbia walichoma sehemu ya iliyobaki katika taasisi ya Ahmed Baba, lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshaondoka. Vitabu navyo vilikuwa wakimbizi wa ndani.

Yale makaburi yaliyobomolewa? Kufika 2015 mafundi wa palepale Timbuktu walikuwa wameyajenga upya kwa ujuzi wa kurithi. Na mwaka 2016 mahakama ya kimataifa ya The Hague ilimhukumu Ahmad al-Faqi al-Mahdi miaka tisa jela kwa kuhusika na ubomoaji huo.

Kwa nini walijua kujenga upya haraka hivyo? Kwa sababu kule kujenga upya ni desturi. Msikiti mkubwa wa Djenné ni wa udongo mtupu. Jengo linaloonekana leo ni la mwaka 1907, na mvua inalila kila mwaka. Hivyo karibu kila mwaka mji mzima unatoka siku moja kuupaka udongo: vijana wanabeba tope wakikimbia, wasichana wanaleta maji, mafundi wazee wanasimamia. Zile boriti zinazotokeza ukutani, wanaozitazama kwenye picha wanadhani ni mapambo. Pia ni ngazi ya mafundi. Waliojenga walijua tangu mwanzo kwamba jengo litahitaji watu wa kulipanda tena.

Kangaba, karibu na uwanja ule wa sheria za Sundiata, kuna nyumba ya duara inayoitwa Kamablon, iliyojengwa mwaka 1653. Kila miaka saba paa lake la nyasi linashushwa na kuezekwa jipya. Na wanaoezeka ni vijana wa miaka 20 na 21. Wazee kazi yao siku hizo ni kueleza: nyumba hii ni ya nini, ilianzaje, kila kitu kina maana gani. Majeli wa Kela wanaisema historia ya nchi.  Kijana wa pale ambaye umri wake umeangukia mwaka huo anaishika historia kwa mikono yake, nyasi kwa nyasi. Haambiwi tu "sisi tulikuwa wakubwa". Anapewa kazi.

Na waliokimbia? Wamali wengi walivuka mpaka mwaka 2012 wakafika kambi ya Mbera, mashariki mwa Mauritania, sehemu kavu ambapo moto wa nyika unakula malisho ya wenyeji. Wakimbizi wakajipanga kikosi cha kujitolea, wanaenda kuuzima kwa matawi ya miti, moto wa nchi ya watu, wa malisho ya watu. Mwaka 2022 kikosi hicho kilipata tuzo ya Nansen ya UNHCR kwa upande wa Afrika. Sisi tunaojitolea hapa tulisoma habari hiyo mara mbili. Ile jatigiya waliyoikuta kwa babu zao wameibeba wakiwa wageni, wakaigeuza: safari hii mgeni ndiye anamlinda mwenyeji.

SASA TUWAJIBU WADOGO ZETU

Mtu anapenda nini kwao? Kwa kuangalia Mali tunajibu hivi. Anapenda mboga ambayo dada yake ataitambua kwenye soko la ugenini. Anapenda jina ambalo mtani atalicheka. Anapenda hadithi inayosema hata lile jambo la kaburi. Anapenda paa ambalo yeye mwenyewe aliliezeka. Ardhi ni kubwa na tunaililia, hatusemi uongo. Lakini ardhi peke yake haimfundishi mtoto chochote kama hakuna mtu wa kumsimulia na kazi ya kumpa. Ndiyo maana kuna watu wanakaa palepale kwao na hawana kwao, na kuna watu wa Mbera wako kwa watu na kwao wanako.

Na tunajibu la pili, ambalo ni zito zaidi. Kupenda kwenu kunaweza kuwa mlango au kunaweza kuwa panga. Watu waliotufukuza nao walisema wanaipenda nchi. Tofauti tunaiona katika swali moja: je, upendo wako una nafasi ya mgeni na ya mpinzani? Sundiata wa masimulizi alikuwa mgeni kabla ya kuwa mfalme, na sheria zinazosemwa ni zake zina nafasi ya mgeni. Wakati wowote Wamali wanapoisahau sehemu hiyo, wanaumia kama sisi.

Kwa hiyo tumeamua jambo dogo, linaloweza kufanyika hapa bila mradi na bila pesa. Tumenunua daftari kubwa moja. Kila Jumamosi mchana, kwenye kibanda cha vijana, mtoto yeyote anakuja na jibu la maswali matatu aliyomwuliza mzazi, bibi au jirani mzee. Ukoo wetu unaitwaje, na watani wetu ni akina nani? Mboga gani ilikuwa kwenye bustani ya kwetu, na ilipikwa vipi? Na nani alitupokea usiku wa kwanza tulipokimbia? Hilo la tatu msiliruke, hata kama aliyewapokea ni wa kabila mnalogombana nalo leo kwenye foleni ya maji. Hasa kama ni wa kabila hilo.

Wanaoandika ni wadogo wenyewe, kwa mkono wao, kwa Kiswahili chochote walichonacho. Sisi tunasahihisha majina ya vijiji tu. Daftari likijaa tutanunua lingine. Likichakaa, watakaokuwa na miaka ishirini wakati huo watalinakili upya.

Ninyi mlioko mbali, tumeni majibu yenu pia. Na kama kuna mtu anajua mbegu za mboga za Uvira zinapatikana wapi huku, tafadhali aseme. Kuna wamama hapa wanazitafuta tangu mwaka jana.